Dema la Mafia: Kazi ya Mikono Iliyotulisha Kabla ya Nyavu



Wasomaji wa kijitabu hiki mmezoea kuwa kurasa za historia zinaeleza habari za wakubwa. Tumekwisha kuandika juu ya magofu ya Kua kule Juani, na juu ya Wasakalava waliovuka bahari kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19 wakauangamiza mji ule. Tumeandika juu ya Wajerumani waliokaa Chole, na juu ya Waingereza waliokitwaa kisiwa chetu Januari 1915 ili wapate mahali pa kuiwindia manowari Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Ni habari nzuri, na Mungu akipenda tutazirudia. Lakini katika kikao cha kuandaa toleo la mwaka huu, mjumbe mmoja, mama mtu mzima asiyesema sana, aliuliza swali lililotunyamazisha wote. Aliuliza hivi: hao wakubwa wakija na kuondoka, sisi tulikuwa tunakula nini, na kitoweo chenyewe nani alikuwa anatengeneza chombo cha kukipatia?

Nazi na muhogo kila mtu alizitaja. Kitoweo ni samaki. Na chombo, kabla nyavu za dukani hazijafika, kwa nyumba nyingi kilikuwa mshipi au dema. Mshipi una ndoana, na ndoana hununuliwa au hufuliwa na mhunzi. Dema ni fito tupu na mikono ya mtu. Kwa hiyo mwaka huu tumeamua kuandika historia ya dema na ya mafundi wake, na mkifika mwisho mtaona kwamba tuna sababu nyingine, isiyotupa fahari sana, ya kuliandika.

Kwa ajili ya watoto wetu waliozaliwa Temeke na Mbagala, tuanze na kitu chenyewe. Dema ni mtego wa samaki uliosukwa mfano wa kapu kubwa lililofungwa pande zote. Ukilitazama kutoka juu lina pembe tano au sita, na chini na juu ni bapa. Upande mmoja una mlango unaoingia ndani kama faneli, mpana nje na mwembamba ndani. Samaki hufuata chambo, huingia bila shida, kisha akitafuta pa kutokea hupapasa kuta na kuupita mlango ule ule alioingilia bila kuutambua. Hafi. Hukaa humo akiogelea mpaka mwenyewe aje. Ndugu zetu wa Lamu na Mombasa huliita lema, wingi malema, na wale wenzetu walio Omani na nchi za Ghuba watakuwa wamemwona jamaa yake, gargur, lenye umbo la kuba, ambalo zamani lilitengenezwa kwa mtende na siku hizi ni la waya.

Sasa umri wake. Hapa tunaomba mtuvumilie, maana tunarudi nyuma karibu miaka 2,000. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo mfanyabiashara mmoja aliyeandika Kigiriki, jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kitabu cha kuwaelekeza mabaharia waliotoka Misri kwenda pwani za Afrika Mashariki, Arabuni na Bara Hindi. Kitabu kinaitwa Periplus ya Bahari ya Erythraea. Akielezea pwani yetu anataja kisiwa kinachoitwa Menuthias, kisiwa tambarare chenye miti mingi, kilichoko mbali kidogo na bara. Anasema watu wake wana mitumbwi ya gogo moja na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, wanavitumia kuvulia samaki na kukamata kasa. Halafu anaongeza jambo ambalo ni wazi lilimshangaza, kwa sababu kwao hakuliona: kwamba watu wa kisiwa hicho huvua pia kwa makapu ya kusukwa, wakiyatega kwenye midomo ya njia za maji mahali ambapo wengine wangeweka nyavu.

Menuthias ni wapi? Wako wataalamu wanaosema ni Pemba, wako wanaosema ni Unguja, na wako wanaosema ni Mafia. Sisi upande wetu unajulikana, lakini hatutagombana na Wapemba katika kijitabu cha harambee. Mwandishi yule anataja pia mamba wasiodhuru watu, na kwa kuwa mamba wa namna hiyo hatujapata kumwona, tunadhani bwana yule alionyeshwa kenge. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyechimba Juani na ukanda wa Rufiji, ametetea kwa miaka mingi hoja kwamba Rhapta, ule mji wa biashara unaotajwa na kitabu hicho hicho, ulikuwa upande huu wa kwetu. Vyovyote itakavyoamuliwa, kapu la kusukwa lililotegwa kwenye mkondo wa maji ni dema au ndugu yake wa karibu, na lilikwisha kuwako katika visiwa vyetu kabla ya msikiti wa kwanza, kabla ya Kua, na kabla ya mtu yeyote kuandika neno moja la Kiswahili.

Mtu anaweza kuuliza mbona basi hakuna dema la kale katika jumba la makumbusho. Jibu ni kwamba dema haliachi gofu. Fito zake hukaa baharini miezi, si miaka, kisha hulegea na kuoza, na mwenyewe husuka jingine. Kinachobaki ni mifupa ya samaki. Katika machimbo ya miji ya kale ya Waswahili, kama Shanga katika visiwa vya Lamu, wataalamu wamekuta kwa wingi mifupa ya samaki wa miambani na wa kwenye majani ya bahari, changu na pono na jamaa zao. Ni samaki wale wale ambao mpaka leo ukifungua dema ndio utakaowakuta, pamoja na tasi, mkundaji, na siku ya bahati chewa mmoja mkubwa aliyeingia kuwafuata wenzake.

Ili tusiandike mambo ya kusikia tu, wanne kati yetu tulisafiri. Tulipanda chombo Nyamisati, tukashuka Kilindoni, tukaenda upande wa Ghuba ya Chole kwa mzee mmoja ambaye tangu utoto wetu tunajua kwamba anasuka madema. Ameomba jina lake lisiandikwe, nasi tumeheshimu.

Tulimkuta chini ya mwembe.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba wajukuu zangu. Mmeleta nyavu tena?”

Tulitazamana. Tutaieleza sababu ya swali hilo baadaye.

“Hapana babu. Safari hii tumekuja kujifunza.”

“Basi vueni viatu mkae. Dema halisukwi na mtu aliyesimama.”

Tulikaa siku tatu. Tuliyoyaona ni haya. Kazi huanza na kuchagua fito. Mwanzi ndio unaopendwa, nao ukatwe ukiwa umekomaa. Mchanga husinyaa ukikauka na dema zima hulegea. Pasipo na mwanzi hutumika fito nyingine zinazokubali kupindwa bila kuvunjika. Mzee huchana mwanzi kwa panga, kisha kwa kisu, mpaka apate vipande virefu vyembamba vya upana mmoja. Vya upana mmoja, mtazame hapo, na hana rula. Anavipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, na kile kilichozidi anakijua kabla jicho halijakiona. Nyama laini ya ndani huondolewa kwa kisu, likabaki ganda gumu.

Halafu kusuka. Vikapu vyetu vya ukili na mikeka husukwa kwa njia mbili, wima na ulalo. Dema husukwa kwa njia tatu: fito za upande mmoja, fito za kushoto kwenda kulia, na fito za kulia kwenda kushoto, zikipishana juu na chini, hata kila jicho likawa na pembe sita. Tulipomwuliza kwa nini asifanye jicho la mraba, ambalo ni rahisi, alichukua kipande cha mraba alichosuka papo hapo, akakisukuma pembeni kwa kidole kimoja. Kikalala. Akatupa kile cha pembe sita. “Kisukume hicho.” Hakikusogea. Mkondo wa maji ukisukuma jicho la mraba, jicho hupanuka huku na kujibana kule, samaki wakatoka au wakanasa. Jicho la pembe sita hukaa kama lilivyosukwa. Mmoja wetu aliyesoma uhandisi alisema jambo hilo yeye alifundishwa darasani mwaka wa pili, akiwa na umri wa miaka 22.

Vipimo vyake ni vile vya zamani. Jicho hupimwa kwa wanda, yaani upana wa kidole. Mlango hupimwa kwa shubiri. Urefu na upana wa dema hupimwa kwa dhiraa, kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, na kina cha maji litakapotegwa hupimwa kwa pima, mikono miwili ikinyoshwa. Kwa hiyo dema la fundi mmoja haliwi sawasawa na la mwingine, na wavuvi huweza kulitazama dema lililookotwa ufukweni wakasema hili ni la fulani. Tulimwuliza mzee iwapo hiyo si kasoro. Alisema kila mteja wake anajua mkono wake, na asiyeutaka ana ruhusa ya kwenda kwingine.

Mlango ndio mtihani. Kuta mtu hujifunza kwa muda mfupi, lakini mlango wa faneli, alivyosema, wapo waliosuka maisha yao yote wakawa wananunua milango kwa wenzao. Njia ya kuingilia hupungua kidogo kidogo kuelekea ndani, na mwisho wake ncha za fito huachwa bila kufungwa, zikielekea ndani. Ukiwa mpana mno samaki anatoka. Ukiwa mwembamba mno haingii aliye mkubwa. Ukinyooka sana anaona mwanga wa nje akaufuata. Hakuna namba ya jambo hili. Aliutengeneza mlango mmoja mbele yetu, akauinua juu, akachungulia ndani yake kama mtu anayetazama mtutu wa bunduki, akaufumua wote, akaanza upya. Hakutueleza kosa lilikuwa nini, nasi tuliotazama hatukuliona.

Aina za mitego yetu ya kusuka si moja. Lipo dema dogo la pwani, ambalo mtu mmoja hulibeba begani wakati maji yametoka, akalilaza kwenye majani ya bahari na kuligandamiza kwa mawe. Hili hufuatwa kwa miguu maji yakitoka tena. Lipo dema kubwa la mwambani, linalopelekwa kwa mtumbwi au ngalawa, likashushwa kwa kamba na kuwekewa chelezo, au lisiwekewe kabisa, kwa kuogopa wezi. Asiyeweka chelezo hutegemea alama za nchi kavu: mnazi ule ukiwa sawa na ncha ile, na paa lile likiwa sawa na kisiwa kile, hapo chini ndipo lilipo dema langu. Wazee wengine wana madema kumi na zaidi na hawajaandika hata moja. Upo mgono, mrefu na mwembamba kama pembe, wa kutegwa kwenye vijito ambako maji yana njia moja. Na ule uzio ambao wengine huuita wando, ua wa fito unaosimamishwa kwenye maji madogo ili bahari ikitoka samaki wabaki, nao ni jamaa wa ukoo huo huo, ingawa fundi wa dema ukimwambia kwamba ni kazi moja hatakujibu vizuri.

Chambo cha dema hakigharimu fedha. Ni mwani, ni konokono na chaza waliopondwa, ni mabaki ya pweza. Kila samaki ana chake: tasi ni mla majani, hushawishika kwa mwani, na changu hutaka kitu chenye harufu ya nyama. Dema hulala usiku mmoja au zaidi, kwa kutegemea maji. Wakati wa bamvua mikondo ni mikali na maji hutoka mbali. Wakati wa maji mafu mambo hutulia. Kusi likivuma kwa nguvu wengi huyaacha madema ya nje na kutega ndani ya ghuba, kaskazi likija hutoka tena.

Tunaofanya kazi ya hesabu tulijaribu kuliingiza dema katika daftari, kama tunavyofanya kwa gari au mashine. Mtaji wake ni fito na siku za kazi. Uchakavu wake ni wa haraka, ndani ya mwaka mmoja limekwisha. Kwa mtazamo wa daftari ni mali duni. Lakini tulipoendelea tuliona safu nyingine. Halinywi mafuta. Halihitaji barafu kwa kiasi kile, kwa sababu samaki yu hai mpaka unapomtoa, na mwenye dema asiyepata mnunuzi leo anaweza kumwacha baharini mpaka kesho. Na fedha anayolipwa fundi haitoki kisiwani. Mvuvi humlipa mzee, mzee hununua unga dukani kwa jirani, jirani hununua samaki kwa mvuvi. Wavu ukinunuliwa, fedha hupanda chombo siku ile ile na kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko kiwandani ng'ambo.

Nailoni ilivumbuliwa Marekani katika miaka ya 1930, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia nyavu zake zikaanza kuwafikia wavuvi wa dunia nzima. Kabla ya hapo nyavu zilikuwapo, za kamba na za uzi wa pamba, lakini zilikuwa na kazi nyingi: kukaushwa, kushonwa, kutiwa rangi ya magome zisioze. Nailoni haiozi. Hatusemi kwamba lilikuwa baya. Watoto wengi wa Mafia wamesomeshwa kwa jarife, na pengine hata baadhi yetu tunaoandika hapa. Lakini baada ya jarife likaja juya la kukokota, linalokusanya kila kilichopo chini mpaka majani yenyewe, na baada ya juya wakaja watu wa baruti, wengi wao wageni. Wazee wetu walipiga kelele juu ya baruti miaka mingi. Sheria ya hifadhi za bahari ilitungwa mwaka 1994, na mwaka 1995 upande wetu wa kusini ukatangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania. Bahari ikagawanywa katika kanda. Kanda ya msingi haivuliwi kabisa, na katika nyingine wenyeji wanaruhusiwa kutumia zana kama mshipi na dema. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 nazo zikakataza juya la kukokota Tanzania Bara yote. Kwa maneno mengine, serikali ilipotafuta zana isiyoharibu bahari, ilirudi kwenye ile ya mzee aliyeketi chini ya mwembe. Bahati mbaya ni kwamba wakati huo wazee hao walikuwa wamekwisha kupungua, na vijana wao hawakujifunza.

Na hapa ndipo inapoingia ile sababu isiyotupa fahari.

Miaka kadhaa iliyopita chama chetu kilichangisha fedha katika hafla kama hii, tukanunua nyavu za kuwapa vijana wa nyumbani. Nia ilikuwa njema, na wengi mnaosoma hapa mlichanga. Hatukuuliza mafundi wa madema hata mmoja. Nyavu zilipofika, macho yake yalikuwa madogo kuliko tuliyoagiza. Muuzaji alisema ndizo zilizokuwapo, nasi kwa kuwa tarehe ya makabidhiano ilikuwa imetangazwa na wageni wamealikwa, tukazipokea. Tulipiga picha. Msimu wa kwanza vijana walipata samaki wengi wadogo. Msimu wa pili baadhi walizishona pamoja wakawa wanakokota, na katika kukokota wakayaburuta madema ya wazee yaliyokuwa chini bila chelezo. Matatu kati yake yalikuwa ya mzee wetu. Aliyaokota vipande vipande ufukweni, akavitambua kwa mkono wake mwenyewe. Msimu wa tatu nyavu zilikuwa zimechanika kwenye miamba, na wateja wa madema walikwisha kuzoea kutonunua.

Katika taarifa ya fedha ya mwaka ule mradi uliandikwa kuwa umekamilika, na hesabu zilifunga bila kupungua shilingi. Tumeirudia taarifa hiyo wakati wa kuandaa makala hii. Haina kosa hata moja la kujumlisha. Mzee hakuwahi kutulalamikia kwa barua wala kwa mdomo, mpaka siku ile aliposema, mmeleta nyavu tena.

Tusilisifu dema kupita kiasi, maana nalo lina makosa yake. Likitupwa ovyo juu ya matumbawe huyavunja. Macho yakiwa madogo hukamata vifaranga. Na kuna madema ya waya, ambayo baadhi ya watu wanayaona ni maendeleo kwa sababu yanadumu. Hapo ndipo penye hatari yake: kamba ikikatika, dema la waya huendelea kuvua peke yake chini ya bahari, samaki wakiingia na kufa na kuwa chambo cha wengine, na hakuna anayewala. Dema la fito likipotea, baada ya miezi linaoza na kuwafungulia.

Kwa upande wa vifaranga, wenzetu wa Kenya wametuonyesha njia. Huko wataalamu wa samaki walikaa na wavuvi wa malema wa pwani yao wakajaribu kuacha mwanya mwembamba wa wima katika kona za lema, wa upana wa sentimita 3 hivi. Samaki mchanga na samaki bapa asiye na bei hupita akatoka, na yule mnene wa kuuzwa hubaki. Wavuvi waliogopa kwamba watapata hasara. Haikuwa hivyo: waliobaki ndani walikuwa wakubwa zaidi, na mapato hayakushuka. Tulimweleza mzee habari hii tukidhani itamshangaza. Aliweka vidole viwili pamoja, akavitazama, akasema baba yake alikuwa akiacha kona moja bila kuifunga barabara, na yeye mwenyewe akiwa kijana aliona ni uvivu, akawa anaifunga.

Mchango wa mwaka huu, basi, ndugu zetu, hauhusu nyavu. Tunataka kuwalipa mafundi wa madema waliobaki, kwa ujira wa mwalimu na si wa kibarua, wawafundishe vijana kwa mwaka mzima, kusi na kaskazi, maana kutega wakati wa kusi ni somo jingine kabisa. Vijana nao watapewa posho ili wasilazimike kuacha katikati kwenda kutafuta riziki. Tunataka kupanda mwanzi kwenye mashamba ya wale watakaokubali, kwa kuwa ulioko ni haba na fundi hutumia siku nzima kuutafuta. Na kila dema litakalosukwa katika mafunzo hayo litakuwa na mwanya. Mzee amelikubali hilo kwa sharti moja, kwamba utaitwa mwanya wa baba yake, na si wa wataalamu.

Kuna na jambo dogo lisilohitaji fedha. Kila sehemu ya dema ina jina lake, na majina hayo tumegundua yanatofautiana kati ya Kanga na Jibondo, kati ya Bweni na Chole, na mengine hata mzee wetu aliyasahau akawa anaonyesha kwa kidole tu. Mwenye mzazi au babu aliyewahi kusuka amwulize, aandike, alete. Tutakuwa na daftari mlangoni.

Mtakapoingia ukumbini mtaliona dema moja limetundikwa juu ya meza ya kupokelea michango. Ni kubwa, la mwambani, limesukwa mbele ya macho yetu katika siku zile tatu, na mlango wake ni ule uliofumuliwa ukasukwa upya. Tunawaomba mlitazame na watoto wenu, waguse macho yake, waweke mkono kwenye mlango waone ulivyo rahisi kuingia. Lakini msiulize bei. Mzee ametuma ujumbe kwamba ni la kuazima. Lina mteja anayelisubiri, na linatakiwa liwe limerudi Nyamisati kabla ya bamvua.